Kucheza Muirfield kama mgeni: unapanga siku nzima, sio raundi moja

Watu wengi wakisikia klabu ya gofu ya binafsi wanajua geti limefungwa, mlinzi atakuuliza we mtoto wa nani, basi wanaghairi hata kabla hawajauliza. Sasa Muirfield, ile iliyoko Gullane mashariki ya Edinburgh huko Uskoti, ni klabu ya wanachama kwelikweli, hata duka la vifaa vya gofu hawana, lakini wageni wanawapokea miaka yote, Jumanne na Alhamisi. Kwa hiyo shida sio kuingia. Shida ni kwamba watu wanaipanga kama kiwanja cha kawaida, wanakata tiketi, wanalipia hoteli, alafu ndo wanaanza kutafuta nafasi na nafasi zimeisha zamani. Hapa mambo yanaenda kinyume, unaanza na siku ya klabu, vingine vyote vinafuata nyuma.

Kidogo tu kuhusu wenyeji wako, manake utakaa nao mezani. Wenye kiwanja wanaitwa Honourable Company of Edinburgh Golfers. Mwaka 1744 wakiwa bado wanachezea Leith ndo waliandika sheria 13 za gofu, na zile ndo sheria za zamani kuliko zote zinazojulikana. Wakahamia Musselburgh, alafu 1891 wakaja hapa Muirfield kwenye kiwanja alichokichora Old Tom Morris, na miaka ya 1920 Harry Colt akakifumua na kukipanga upya. Mashindano ya The Open, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu duniani, yamechezwa hapa mara 16, kuanzia 1892 hadi 2013 aliposhinda Phil Mickelson. Jack Nicklaus alichukua Open yake ya kwanza hapa 1966 akapapenda mpaka kiwanja chake cha Ohio akakiita Muirfield Village. Ukijua hayo hutashangaa kwa nini wanang'ang'ania desturi zao, yaani hawa sio watu wa kuambiwa na mtu gofu inachezwaje.

Na kwa dada zetu wanaocheza: zile habari mlizosikia ni za kweli, 2016 wanachama walipiga kura ya kuwaingiza wanawake na kura hazikutosha, R&A (ndo waandaaji wa The Open) wakawaondoa kwenye orodha ya viwanja vya mashindano hayo siku hiyohiyo, 2017 wakapiga tena ikapita, na 2019 wanawake wa kwanza wakaalikwa uanachama. Ila hiyo ilikuwa habari ya uanachama. Kama mgeni mwanamke alikuwa anacheza hata kabla ya hapo. Na 2022 Open ya wanawake ikachezwa hapohapo, akaibeba Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini baada ya mchujo wa jioni mpaka giza linaingia. Kwa hiyo Mwafrika wa kwanza kutamba pale hutakuwa wewe, pole.

Kwanza: siku, alafu watu

Nenda kwenye tovuti ya klabu yenyewe, angalia nafasi za wageni za mwaka unaofuata, sio mwezi ujao. Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Juni jua linazama karibu saa nne usiku kwa hiyo mwanga wa kucheza mashimo 36, yaani raundi mbili, upo wa kumwaga, ila ndo mwezi kila Mmarekani anautaka. Aprili na Oktoba nafasi zinapatikana kirahisi lakini we mtu wa Dar ujue baridi ya upepo wa bahari ile sio ya Lushoto.

Usiandike tarehe moja. Andika tatu, na weka moja ya Alhamisi hata kama unapenda Jumanne. Alafu kabla hujalipa chochote hakikisha una watu wanne wa uhakika. Sio watu wanaosema "mi nipo tu we nistue", hapana, watu waliotuma hela. Nasisitiza wanne kwa sababu siku ya mgeni pale imejengwa juu ya namba hiyo: asubuhi mnacheza wanne kila mtu na mpira wake, mchana chakula, baada ya chakula mnacheza fosamu, yaani wawili kwa wawili, kila timu mpira mmoja mnapigana zamu. Ukiwa na watu watatu fosamu inakufa, na fosamu ndo moyo wa sehemu ile.

Bei: jiandae na zaidi ya pauni 300 kwa kichwa, na hapo hujagusa kedi (yule anayekubebea begi na kukuelekeza), usafiri wala kitanda. Soma kwa makini wanataka malipo ya awali kiasi gani, lini unamalizia, na mtu akijitoa hela inarudi au hairudi. Hilo la mwisho ndo la muhimu kwetu kuliko kwa wao, nakuja kwenye visa hapo chini.

Pili: karatasi za gofu

Utatakiwa kuonyesha handikapu rasmi, yaani ile namba ya kiwango chako, ikiwa ndogo ndo unacheza vizuri. Siku hizi dunia nzima tuko kwenye mfumo mmoja tangu 2020 kwa hiyo iliyotolewa Kenya au Tanzania inaeleweka bila maelezo, mradi ni hai. Hapo kwenye "hai" ndo wengi tunaanguka. Tunacheza kila Jumamosi lakini kadi za matokeo hatupeleki, mtu ana handikapu ya 16 ya miaka mitatu iliyopita wakati sasa hivi anapiga 24 siku nzuri. Anza kuingiza kadi zako miezi sita kabla, ili namba iwe ya kweli na cheti kiwe na tarehe ya karibuni. Klabu ina kikomo chake cha handikapu, kiko kwenye masharti ya wageni, kisome kabla ya kumualika shemeji yako aliyeanza gofu Desemba.

Mwombe katibu wa klabu yako akuandikie barua fupi ya utambulisho. Haina maneno mengi: huyu ni mwanachama wetu tangu mwaka fulani, anacheza vizuri na watu, handikapu yake ni hii. Hata kama hawajaiomba ibebe. Klabu za kizamani zinaelewana kwa barua, na hata kwenye visa haitakudhuru.

Tatu: visa, hela na tiketi, kwa mpangilio huo

Mkenya na Mtanzania wote wanahitaji visa ya kutembelea Uingereza, na mapema kabisa unayoweza kuomba ni miezi mitatu kabla ya safari. Umeona mtego ulipo? Uwanja umeshalipia sehemu mwaka mzima kabla, visa huwezi kuomba mpaka miezi mitatu iliyobaki. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambacho hela yako iko Uskoti na wewe hujui kama utafika. Dawa yake ni hizi: siku ile ya miezi mitatu ikifika omba hapohapo usingoje (majibu kwa kawaida huwa ndani ya wiki tatu lakini usiishi kwa "kwa kawaida"), wote wanne muombe kipindi kimoja, na mtu wa tano mwenye pasipoti au ukaazi wa kule awe amekaa benchi. Ndugu zetu wanaoishi London, Leeds, Glasgow wapo wengi na wanacheza. Mmoja wenu akinyimwa, yule anapanda treni anakuja, mnawaandikia klabu mapema kubadilisha jina basi.

Kwenye maombi ya visa weka uthibitisho wa nafasi ya klabu, ile barua ya katibu, mahali pa kulala, na benki yako inayoonyesha hela zinaingia kwa mtiririko wa kawaida. Usikope milioni kumi wiki moja kabla ili salio lipendeze, wanaona.

Tiketi ya ndege kata visa ikishatoka, au kata ile inayorudishwa. Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu mpaka Edinburgh hakuna, utaunganisha Doha, Istanbul, Amsterdam au London. Fimbo zina utaratibu wake kwenye kila shirika kwa hiyo uliza begi la gofu linahesabika vipi kabla ya kulipa. Na fika siku mbili kabla ya raundi. Begi likichelewa Doha linakuwa na siku ya kukufuata, na miguu yako inakuwa imetulia.

Edinburgh mpaka Gullane kwa gari ni kama saa moja hivi. Bila gari panda treni ya North Berwick kutoka stesheni ya Waverley, shuka Drem, malizia na teksi, au panda basi la North Berwick ambalo linapita Gullane katikati. Kulala kama hela ipo kuna hoteli ya Greywalls, nyumba ya mwaka 1901 iliyochorwa na Edwin Lutyens, iko ukutani kabisa mwa kiwanja. Kama haipo nyumba za kulala wageni Gullane na North Berwick ni nyingi na ni safi, hakuna aibu.

Nne: mazoezi, na hii isome mtu wa Nairobi kwanza

Royal, Muthaiga, Karen, wote mko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka. Muirfield ni usawa wa bahari na hewa ni baridi nzito. Ile fimbo namba 8 unayojisifia nayo yadi 150 pale itakupa 140 ukibahatika, na upepo ukija usoni usiitaje kabisa. Chukua fimbo moja zaidi kama kanuni, mbili ikiwa baridi. Watu wa Dar na Mombasa hili la mwinuko haliwahusu ila baridi inawahusu.

La pili ni ardhi. Sisi tumezoea viwanja vya miti na nyasi laini, mpira ukitua unakaa. Kule ni kiwanja cha mchanga wa pwani, nyasi fupi ngumu, mpira ukitua ndo kwanza safari inaanza. Kwa hiyo jifunze kuupiga chini, utue yadi 20 kabla ya grini (pale penye shimo, nyasi zimenyolewa kabisa) ujiendee wenyewe. Jifunze kutumia pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ukiwa nje ya grini, hata yadi 15 nje, mi naona hiyo peke yake inaokoa mipigo minne. Ukiweza nenda kafanyie mazoezi mahali penye upepo wa bahari, Vipingo Ridge kule Kilifi au Mombasa Golf Club pale kwenye mwamba wa bahari, mchana upepo ukiwa umekasirika.

Muirfield ina mpangilio wake: mashimo tisa ya kwanza yanazunguka kwa nje kufuata mshale wa saa, tisa ya mwisho yanazunguka kwa ndani kinyume chake. Maana yake upepo unabadilika karibu kila ukigeuka, huwezi kusema nimeshauzoea. Na bunka zake, yaani mitego ya mchanga, ni za kina, ukuta umejengwa kwa tabaka za majani, mpira ukiwa karibu na ukuta usijitie ushujaa, toa kwa pembeni au hata rudisha nyuma. Watu wameingia kwenye bunka moja wametoka na nane kwenye kadi, watu wa televisheni kabisa, itakuwa wewe. Majani marefu ya pembeni nayo, Juni na Julai yanafika magotini, una dakika 3 za kutafuta mpira kwa sheria ya sasa kwa hiyo piga wa akiba mapema kabla hujaondoka pale.

Na miguu. Hakuna kigari, labda uwe na sababu ya daktari. Mashimo 36 kwa miguu ni kilomita 15 na ushee. Anza kutembea.

Tano: kwenye begi

Begi jepesi la kubeba mgongoni, sio lile kubwa la matangazo. Kwetu kedi yupo kila mahali, unafika anakunyang'anya begi kwa upendo, kule kedi unamuomba kabla kupitia klabu, unamlipa mwenyewe mkononi mwisho wa raundi kwa noti pamoja na bakshishi, na kama hukuomba basi unabeba au unavuta kitoroli. Kwa mara ya kwanza mi nasema chukueni angalau kedi wawili kwa watu wanne, wao ndo wanajua mstari wa kila tii (pale unapoanzia shimo) na wapi mpira unapotelea.

Mipira beba ya kutosha, glavu za mvua, koti la mvua zima juu na chini, sweta, kofia ya kufunika masikio. Nakumbusha tena duka hakuna, ukiishiwa mipira shimo la 12 hakuna wa kukuuzia.

Alafu suti. Hii nimeona watu wanaifanyia utani mpaka wanafika. Kwenye chumba cha chakula mwanaume anavaa koti na tai. Sio shati la kola, sio koti la mvua, koti na tai. Kina mama mavazi ya heshima ya kiwango hichohicho. Ifunge kwenye begi la mkononi la ndege sio lile la fimbo, pamoja na viatu vya kawaida vilivyosafishwa, manake viatu vya gofu haviingii mezani.

Sita: siku yenyewe

Fika saa moja kabla ya muda wenu. Getini taja jina la aliyeshika nafasi na muda, ongea taratibu. Ndani watakuonyesha chumba cha kubadilishia, hapo suti inaning'inia inasubiri mchana. Simu izime, sio mtetemo, izime, na picha za ndani ya jengo achana nazo. Nje kiwanjani piga picha yako kwenye tii ya kwanza, ya haraka, endelea.

Asubuhi chezeni kwa mwendo. Pale wanaona fahari kumaliza mapema, na raundi ya watu wanne ikizidi masaa manne mtaanza kuangaliwa. Acha mambo ya kwetu ya kusimama kwenye grini tunahesabu nani anamdai nani. Rudishia majani uliyong'oa, fagia bunka mpaka isijulikane ulipita. Hawa watu wana msimamo mkali tangu zamani: 1980 Tom Watson ameshashinda The Open, jioni yeye na Ben Crenshaw wakachukua fimbo za kale wakatoka kwenda kuchezea mashimo mawili kwa kujifurahisha, katibu wa klabu akawatokea akawapa za uso. Bingwa wa siku hiyohiyo. Kwa hiyo ukiambiwa kitu sema sawa.

Mchana ndo chakula. Hapa usiharakishe. Mnaoga, mnavaa koti na tai, mnaingia kwenye meza ndefu, nyama zimeokwa zinakatwa mbele yako unachagua, viazi, mboga, alafu tamutamu na jibini. Kuna wageni wanakuja pale wanasema raundi wamesahau lakini chakula wanakisimulia mpaka leo, na mi nawaelewa. Kama huli nguruwe au unataka mboga tupu waandikie wiki mbili kabla, usije ukamsimamisha mpishi siku hiyo. Kuna kinywaji chao wanakipenda baada ya kula kinaitwa kummel, pombe tamu ya mbegu zinazofanana na bizari nyembamba, wanasema inatuliza mkono wa kushika pata. Kama hunywi agiza kahawa, hakuna atakayekuuliza mara mbili. Mwenyeji akikaa karibu ongea naye. Muulize kiwanja kilikuwaje kipindi cha Open, usimuulize ada ya uanachama ni shilingi ngapi.

Usile mpaka ukashindwa kuinama, kuna mashimo 18 mengine.

Fosamu kama hujawahi kucheza: mpo wawili, mpira mmoja, mnapokezana. Mmoja anaanzisha mashimo ya namba witiri, mwenzake ya shufwa, na hilo mnaliamua kabla ya tii ya kwanza. Angalia kadi mpangiane kwa akili, anayepiga ndefu na iliyonyooka apewe upande wenye mashimo magumu. Mkishajua zamu, ambaye haanzishi anatangulia mbele kusimama mpira utakapotua, mwenzake akishapiga yeye yuko tayari. Ndo maana inaenda haraka, chini ya masaa matatu inawezekana kabisa. Na kuna adabu moja, usimuombe msamaha mwenzio kila ukimuweka kwenye majani, mtaombana msamaha siku nzima. Chagueni mipira ya aina moja mapema kama mmoja anatumia laini na mwingine ngumu. Zoezeni hii nyumbani Jumapili tatu nne, sio mjifunzie pale.

Jioni malizaneni na kedi, shukuruni ofisini mnapotoka. Usikate ndege ya usiku huohuo, miguu haitakuwepo.

Saba: siku zinazobaki

Umeshafika mpaka huko, kucheza kiwanja kimoja ni kuchezea nauli. Gullane yenyewe ina viwanja vitatu vya klabu ya jirani na wageni wanapata siku nyingi za wiki, kile namba moja kinapanda mlima na juu yake unaiona Muirfield na bahari yote. North Berwick ndo kipenzi changu, kuna ukuta wa mawe unapita mbele ya grini ya 13 inabidi uupige juu yake, na shimo la 15 linaitwa Redan, dunia nzima wameliiga. Musselburgh ya zamani ni mashimo tisa tu katikati ya uwanja wa mbio za farasi, bei ndogo, Open imechezwa pale mara sita kati ya 1874 na 1889, mnaweza kuichezea jioni ile mnayofika mkinyoosha mgongo wa ndege.

Mpangilio ninaoupenda mimi: Jumapili kufika, Jumatatu Gullane ili mwili uzoee upepo na ile ardhi ngumu, Jumanne Muirfield, Jumatano mnalala mpaka saa nne alafu North Berwick mchana, Alhamisi mnarudi Edinburgh. Mkiwa mmepata nafasi ya Alhamisi sukumeni yote siku mbili mbele. Na North Berwick nayo iombeeni nafasi siku ileile mliyojibiwa na Muirfield, manake kila aliyepata Jumanne pale anaitaka Jumatano kule.